Mzega wa Mama

Kwa miaka mitatu nilijisifu kwamba nina kichwa kigumu. Wenzangu waliobeba mzega walipita kwenye kiwanda changu cha mbao wamenyong'onyea, macho yamewaiva, wakiniambia zamu imewamaliza. Mimi nikawa nawacheka. Nilikuwa nawaambia kubeba ugonjwa wa ndugu yako ni sawa na kubeba mtoto mgongoni, ukizoea unasahau kama yupo. Mdomo wangu huu ungekuwa wa mbao ningeshaupiga randa.

Jumamosi ile nilipanda kwa mama kuchukua zamu yangu. Mama alikuwa anakaa juu kabisa, pale mji wa Njombe unapoishia na mashamba ya viazi yanapoanza, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kwenye mifereji. Nilimkuta jikoni kwenye kigoda, karai la viazi mbele yake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Hakuinua macho. "Umechelewa. Baba yako mdogo angekuwa ameshafika."

"Baba mdogo Kastori ana gari. Mimi nina miguu na mdomo tu."

"Mdomo unao," akasema, akafuta mikono kwenye kitenge.

Tukakaa magoti kwa magoti. Yeye alisogeza kilemba, mimi nikasogeza nywele, punje zetu za nyuma ya sikio, zile tulizopandikizwa hospitali, zikaonekana. Ni kitu kidogo sana, mfano wa mbegu ya ulezi iliyonasa chini ya ngozi. Tukagusanisha vipaji vya uso.

"Pokea," akasema mama.

"Nimepokea."

Maneno hayo hatukufundishwa hospitali. Hospitali ilituambia tugusanishe vichwa na kusubiri. Maneno tuliyatoa msibani, kwa wanaume wanaobeba jeneza: unashika hatua chache, mwenzako anaingiza bega, unamwachia, unarudi nyuma. Hakuna anayefika kaburini na mzigo peke yake. Mtambo wenyewe una jina refu la kitaalamu, lakini watu waliuita mzega, kwa ule mti wa begani wenye ndoo huku na ndoo kule. Ndoo moja ni mgonjwa. Nyingine ni ndugu yake wa damu, ambaye ubongo wake unapokea mawimbi ya wazimu wa mgonjwa na kuyatuliza. Mgonjwa wetu alikuwa mdogo wangu Osmundi, na sisi wabebaji tulikuwa watatu: mama, mimi na baba mdogo. Kila mmoja wiki mbili, kisha anapumzika.

Nilisikia kuwashwa kidogo sikioni, basi. Mama akaniuliza kama nimeshika vizuri.

"Wala sioni uzito wowote," nikasema. Nilisema kwa majivuno kabisa.

Simu yangu ikaita, Osmundi huyo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila siku ya kupokezana alipiga kuuliza.

"Dada, mmeshapokezana? Mbona sijaona hata mtikisiko? Rafiki yangu wa Makambako ndugu zake wakibadilishana anaangusha kikombe."

"Sisi ni mafundi, baba."

"Wifi yako Yustina anakusalimia. Mtoto anapiga teke mpaka mimi siwezi kulala."

Nilikuwa bado nacheka na simu mkononi mama alipoinua kidole kuelekea darini na kusema kwa sauti ya kawaida, ile anayowasemesha nayo wapangaji wake, "Nyamazeni kidogo, kuna mgeni."

Nikatazama juu. Hakukuwa na kitu ila masizi.

"Mama, unamwambia nani?"

"Hao wa kwenye bati. Karani leo ana mafua, anakohoa tangu alfajiri. Namwambia ashuke anywe chai ya tangawizi, hataki."

Karani nilikuwa namjua. Osmundi alipougua, kabla mzega haujafika mkoani kwetu, alisikia watu wakitembea juu ya bati, na mkubwa wao alimwita Karani. Karani alimsomea majina ya watu watakaokufa kwa sababu yake. Siku moja Osmundi alipanda juu na panga kumtafuta, akaanguka akavunjika mguu. Jina hilo halikutoka nje ya nyumba yetu. Na tulipofungwa mzega tuliambiwa wazi kwamba mwenye zamu atawasikia watu wa mgonjwa wake, kwa mbali, kama redio ya jirani. Zamu ilikuwa yangu. Nimesema nimepokea. Kichwani mwangu hakukuwa na redio wala jirani, kulikuwa na njaa tu.

"Mama, umeniachia kweli?"

"Menya viazi."

"Mama, nakuuliza. Hujawahi kuniachia?"

Alimenya kiazi kizima kabla hajajibu. "Wewe una kiwanda. Una watoto wa shule. Kastori ana moyo mbovu. Mimi nina nini? Nina viazi." Kisha akanitazama, na macho yake hayakuwa yananiona mimi. "Usimwambie Osmundi. Ukimwambia, huna radhi yangu. Umesikia, Mama?"

Mama zetu huwaita binti zao mama, ni mapenzi tu. Lakini yeye alikuwa anamwita bibi yangu, Sikitu, mama yake mzazi, ambaye tulimzika zamani nikiwa msichana.

*

Jumatatu nilimdanganya kwamba tunaenda kupima presha, nikampeleka kliniki ya mzega. Muuguzi wetu alikuwa Haule, Mngoni, mtani wetu, na hakuwahi kutupokea bila kutuchokoza.

"Wabena hao. Mmeniletea gunia la viazi au mmeniletea shida tu?"

"Gunia utakula na nani, Mngoni huna hata jiko," nikamjibu, kwa sababu utani haukataliwi hata siku mbaya.

Alimpima mama, akanipima na mimi. Halafu akamwomba mhudumu amtoe mama akaote jua kwenye benchi, na nilipomwona Haule amekaa chini bila neno la kejeli nikajua kuna jambo.

"Punje yako ni mpya," akasema. "Haijabeba hata siku moja. Ya baba yako mdogo naamini ni hivyo hivyo. Mama amebeba peke yake tangu tulipowafunga."

"Na ninyi mlikuwa wapi? Mtambo wenu hauonyeshi nani kabeba?"

"Ulikuwa unaonyesha. Si mnakumbuka yule binti aliyevunjiwa posa kwa sababu ilijulikana amebeba mzega? Wenyewe mkaandamana mkitaka siri. Sheria ikaja, tukafuta. Sasa tunachoona ni kama mgonjwa ametulia, basi. Na Osmundi ametulia."

"Lakini anawezaje kuung'ang'ania mzigo? Mimi nilisema nimepokea."

"Kusema ni kusema. Mzigo unaachiwa kutoka ndani, kwa hiari ya aliyeushika. Waliotengeneza waliogopa mtu asije akamtwisha mwenzake kwa nguvu, kwa hiyo wakaweka mlango upande wa mbebaji tu. Hawakufikiri kwamba kuna mtu atapewa nafasi ya kutua na akatae."

"Basi hawana mama," nikasema.

Haule hakucheka. Alinieleza polepole. Ubongo wa mama umebeba bila kupumzika mpaka umejifunza ugonjwa. Mwanzo ulikuwa unatuliza mawimbi ya Osmundi. Sasa umeanza kutengeneza ya kwake. Akitua sasa hivi, huenda akarudi karibu na alivyokuwa. Akiendelea mpaka mavuno ya viazi, hata ukimwondolea mzigo wote, wendawazimu utabaki naye, utakuwa wa kwake. Kuikata punje kwa kisu haiwezekani, kwani punje iliyobeba ikikatwa inaua pande zote mbili.

"Nipe mimi, basi. Nibebe kweli."

Alinigeuzia kioo cha kompyuta yake nione michoro, ambayo sikuielewa. "Wewe na Osmundi mmelala tumbo moja. Kile kilichoamka kwake, kwako kimelala tu. Kipimo hiki wakati ule hatukuwa nacho, ningekuwa nacho nisingekufunga kabisa. Ukikaa na mzigo saa chache utaupitisha salama. Ukikaa nao wiki mbili utaamka nao."

Baba mdogo ana kifaa moyoni, mzigo wa kweli hatauweza. Wabebaji wengine wa damu hatuna. Nilizunguka pale pale, nikauliza swali lile lile kwa maneno tofauti, na Haule akanijibu kwa subira mpaka nikachoka.

"Kwa hiyo nani?" nikasema.

"Mzigo una mwenyewe, dada yangu," akasema, na akatazama nje alipo mama. Mama alikuwa amesogea mwisho wa benchi, amewaachia nafasi watu wake wa bati nao wakae.

*

Nilikaa na hilo wiki nzima. Nilipasua mbao vibaya, nikagombana na wateja. Nikinyamaza, Osmundi atabaki mwalimu, atapokea mtoto wake mikononi akiwa na akili zake, na mama atakwisha. Nikisema, mama huenda akapona, na Osmundi atarudi kwenye sindano za zamani, zile zilizokuwa zinamlaza na kumtoa udenda, na Karani asimwache, apunguze tu sauti. Na mimi sina radhi. Kwetu mtu asiye na radhi ya mama hata akijenga ghorofa anaonekana hana nyumba. Nilimwona Mungu amenikosea, nakiri, na nilimwambia.

Nilikwenda kwao saa za mchana, Osmundi akiwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi na Yustina, mkewe, amekaa na tumbo lake analisha kuku. Nikasema yote.

Osmundi aliweka kalamu chini. Yustina ndiye aliyeanza.

"Wifi, ungeninyamazia," akasema. "Ungesubiri nijifungue. Mama ni mtu mzima, alichagua mwenyewe. Unataka nizae huku baba wa mtoto amefungwa kitandani?"

"Sitaki."

"Basi mbona umekuja?"

Nilimpenda Yustina, na kila alichosema kilikuwa kweli.

"Mwache dada," akasema Osmundi. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ya mtu anayerudia hesabu. "Miaka mitatu nimejisifia akili yangu. Nimeoa kwa akili hiyo, nimefundisha kwa akili hiyo. Kumbe naila ya mama. Nisingeambiwa nisingekuwa na kosa. Sasa nimeambiwa."

"Unaniacha," akasema Yustina.

"Siendi kufa. Naenda kuumwa. Nimeshawahi kuumwa na nikarudi." Alimshika mkono. "Nikikutukana, ni mimi ninayetukana, siwezi kusema ni mtu mwingine. Lakini usiyaamini maneno yenyewe. Mtoto usimlaze chumba kimoja na mimi mpaka Haule aseme."

Yustina alilia kwa uchungu, na kuku wakamzunguka wakidhani analeta mahindi. Osmundi alimaliza kusahihisha madaftari yote siku ile. Alisema wanafunzi hawana kosa.

*

Tatizo lilikuwa mama. Kumwachia Osmundi asingekubali hata kwa kuchomwa moto. Kuniachia mimi alishakataa miaka mitatu. Tulipofika kwake, mimi, Osmundi na Haule aliyebeba sindano zake, tulimkuta uani amevaa gauni kichwa chini miguu juu, anapepeta mawe madogo kwenye ungo. Alimwita Osmundi "mwalimu" kama mgeni. Kwangu mimi akanyoosha mikono.

"Mama umekuja," akaniambia, na uso wake ukawa wa mtoto mdogo.

Haule akanivuta pembeni. "Unaelewa nini kinawezekana hapa?"

"Naelewa."

"Ni kumdanganya mgonjwa kwa ugonjwa wake. Mimi siwezi kukuambia ufanye. Na siwezi kukuzuia."

"Unanitania, Mngoni?"

"Leo sitanii."

Nikarudi nikakaa mbele ya mama, magoti kwa magoti. Bibi Sikitu alikuwa na namna yake ya kuongea, aliburuta maneno mwishoni, na mama alipokuwa mdogo alimwita Seku, kifupi cha jina lake, Sekunda. Mimi nilikuwa naigiza sauti ya bibi utotoni ili watu wacheke. Nilimtoa bibi kaburini mchana kweupe.

"Seku, mwanangu. Umebeba nini hicho?"

"Kizito, Mama," akasema. Machozi yakaanza kumtoka bila yeye kulia. "Nimekibeba tangu mtoni. Wenzangu wote wamerudi."

"Nakiona. Nipe nikutue."

"Hapana. Kitamwagika."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kubeba. Nimewahi kumwaga maji?"

Akafikiri. Kisha akanisogezea kipaji cha uso, moto kabisa, na kabla hakijanigusa akasita. "Usimpe Osmundi, Mama. Uniahidi."

"Simpi," nikasema.

Neno hilo moja limekaa nami kuliko yote niliyoyafanya.

Akaachia. Sitaki kupamba yale niliyoyasikia. Palikuwa na watu wengi, na kila mmoja alinifahamu, na walikuwa wananiambia kwa upole, wakifuatana, kwamba watoto wangu watakufa na kwamba nimewaua mimi. Upole ule ndio ulionitisha. Nilielewa kwa nini mdogo wangu alipanda juu na panga. Nilielewa pia kwamba mama alikula hicho asubuhi, mchana na jioni, akamenya viazi, akaniuliza habari za kiwanda.

Mama alilegea begani kwangu, Haule akampokea akamlaza kwenye mkeka. Alilala pale pale.

Osmundi akakaa alipokuwa mama. "Haya, dada."

"Pokea," nikasema.

"Nimepokea." Akasubiri. "Dada, bado hujaachia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nataka na sikuwa naweza. Nilimwona akiwa na miaka mitano, amevaa sweta langu, ananifuata kisimani, na kila kidole cha ndani ya kichwa changu kilikuwa kimekaza. Nikajisemea siku mbili tu, mpaka Yustina azae, nitaweza. Sauti zilinikubalia. Zilisema ndiyo, kaa nasi.

"Lusungu," akasema Osmundi, akanishika mashavu. "Yule pale mkekani alianza hivi hivi."

Nikaachia.

Kwanza hakubadilika. Alinishukuru, akamwambia Haule yuko tayari, akakunja mkono wa shati mwenyewe. Kisha shingo yake ikageuka taratibu kuelekea paa la nyumba, na hakunitazama tena.

*

Mama alilala siku nyingi, akaamka, akala, akalala. Haule alikuja kumpima, akasema afadhali, akasema tena afadhali sana. Siku aliyoniuliza kwa nini jiko lake chafu nilitoka nje nikamshukuru Mungu, yule yule niliyekuwa nimegombana naye.

Hatukumwambia habari za Osmundi. Nani angeanza? Lakini mzazi huwezi kumficha mtoto wake. Asubuhi moja akavaa vizuri, gauni na kilemba, akafunga mlango wake kwa kufuli, akashuka mjini kwa miguu mpaka kwa mwanawe. Nilipopata habari nikakimbia. Nilimkuta ameshaingia.

Osmundi alikuwa kwenye kochi, mdomo wazi kwa sindano, shati limelowa kifuani. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu kitu hewani. Yustina alikuwa amesimama mlango wa chumba cha ndani, mtoto mchanga ubavuni mwake, na mlango ameuvuta nyuma yake nusu. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anamfuta mwanawe udenda kwa ncha ya kitenge, anamwita, na hajibiwi.

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na yanaona kila kitu.

"Nani amemfanyia hivi mwanangu?"

Yustina alinitazama mimi.

"Mimi, mama," nikasema.

Alininyanyukia polepole, mkono kwenye goti, akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alinitazama usoni mpaka akaniona vizuri.

"Lusungu," akasema. "Lusungu binti yangu, usikanyage kwangu tena mpaka nife."

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya nje, mikono kichwani. Nililia kwa ajili ya radhi, nikalia kwa ajili ya mdogo wangu. Ndani nilimsikia akimwagiza Yustina maji ya moto na shati kavu, akimkaripia kwa kumwacha mtoto mchanga kwenye upepo. Kila neno lilikuwa mahali pake. Ilikuwa sauti ya mama yangu, mzima kabisa.